Midomo Mingi, Msimulizi Mmoja: Je, Magazeti ya Ulimwengu Yanakuwa Namna Moja?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu asiyoyajua, na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, mkweli mwaminifu, pamoja na jamaa zake na masahaba wake. Ama baad:

Katika darsa letu huku Kisumu liliulizwa swali ambalo tumeona lastahili kuandikwa, lipate kuwafikia ndugu zetu wa Mombasa, Lamu, Malindi, Tanga na Unguja. Muulizaji alisema: Mtu akifungua simu yake hapa Dunga, kando ya ziwa, na mwingine akafungua yake London, na wa tatu Jakarta, wote watatu huona picha zile zile, chini ya vichwa vile vile, katika saa ile ile. Je, si kweli kwamba magazeti, redio na televisheni za ulimwengu zimekuwa namna moja? Na zikiwa namna moja, pana dhara gani? Kwani watu mia wakikubaliana juu ya khabari moja, je, hiyo si dalili ya ukweli wake?

Sehemu ya mwisho ya swali hili ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Mwenye kudhani kwamba wingi wa wasemaji ni dalili ya ukweli, bila ya kuuliza wasemaji hao wameitoa wapi khabari yao, yumo hatarini kuuamini uwongo na kumdhulumu mtu asiyemjua. Basi na tulitazame jambo hili kwa utaratibu, tukiligawa mafungu matatu: umbo la chombo cha khabari, mamlaka yaliyo juu yake, na chimbuko la khabari zenyewe. Mambo haya matatu watu huyachanganya, na hukumu ya kila moja ni mbali.

FUNGU LA KWANZA: UMBO

Ama umbo, hapana shaka kwamba limekuwa moja, wala halikuanza leo. Gazeti lenye jina lake juu, tarehe, vichwa vya khabari na safu za maandishi, latambulikana Cairo kama litambulikanavyo Nairobi. Umbo hili si letu kwa asili. Miongoni mwa magazeti ya mwanzo ya Kiswahili ni Msimulizi, lililotolewa na wamishonari wa Kiingereza Unguja mwaka 1888. Na gazeti la Standard la Nairobi lilianzia Mombasa mwaka 1902 kwa jina la African Standard, mwanzilishi wake akiwa ni mfanyabiashara A. M. Jeevanjee.

Lakini maulamaa wetu wa islahi hawakuliogopa umbo kwa sababu limetoka kwa wengine. Sayyid Jamaluddin al-Afghani na Sheikh Muhammad Abduh walitoa al-Urwatul Wuthqa huko Paris mwaka 1884. Sheikh Muhammad Rashid Rida akaanzisha al-Manar mjini Cairo mwaka 1898. Na Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyekuwa msomaji wa al-Manar, akatoa Sahifa mjini Mombasa mwaka 1930, kisha al-Islah mwaka 1932, kwa Kiswahili na Kiarabu. Umbo aliliazima, bali ndani yake aliwasemeza watu wa mji wake juu ya elimu ya watoto wao, juu ya mali zao, na juu ya bidaa na israfu zilizokuwa zikiwadhoofisha. Majahazi yote yafanana kwa tanga na mlingoti. Mwenye forodha huuliza shehena. Basi kufanana kwa umbo peke yake si dhara.

FUNGU LA PILI: MAMLAKA

Mwaka 2004 wataalamu wawili, Daniel Hallin wa Marekani na Paolo Mancini wa Italia, walitoa kitabu ambacho ndani yake walilinganisha nchi 18 za Ulaya Magharibi na Amerika Kaskazini. Wakaona namna tatu. Katika nchi za bahari ya Mediterania magazeti yamefungamana na vyama vya siasa. Katika nchi za kaskazini na kati ya Ulaya, jumuiya za watu zilikuwa na magazeti yenye nguvu, na kanuni za kazi zikaheshimiwa, na serikali ikasaidia. Na katika Uingereza, Marekani na nchi zilizo kama hizo, soko ndilo litawalalo. Wakasema kwamba zile namna mbili zavutwa kuielekea hii ya soko; lakini wakaonya kwamba mvuto huo una mipaka, maana sheria na siasa za kila nchi hazifutiki upesi. Mwaka 2012 wakakusanya kitabu cha pili juu ya nchi zilizo nje ya Magharibi, ikadhihirika kwamba vipimo vile haviwezi kubandikwa hivi hivi tu juu ya watu wengine.

Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kuyathibitisha haya. Lau lugha moja, dini moja na biashara moja zatosha kuyafanya magazeti yawe sawa, basi Mombasa, Unguja na Dar es Salaam zingalikuwa na namna moja ya khabari. Haikuwa hivyo. Unguja ilikuwa na magazeti mengi ya watu binafsi, kama al-Falaq lililoanza mwaka 1929. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 magazeti hayo yakazimika, ikabaki sauti ya serikali. Tanganyika, baada ya kuungana na Unguja, mwaka 1970 iliutia mkononi mwa serikali Standard la Dar es Salaam, nalo mwaka 1972 likawa Daily News. Kenya iliyaacha magazeti mikononi mwa makampuni, kama Nation lililoanza mwaka 1960 chini ya Aga Khan, lakini redio ikaichukua serikali mwaka 1964 na kuiita Sauti ya Kenya. Hivyo ndugu wawili wa nyumba moja, mmoja akikaa Mombasa na mwingine Unguja, walikuwa wakiisikia dunia kwa masikio mawili mbalimbali.

Katika miaka ya 1990 yalikuja mageuzi, na redio na televisheni za watu binafsi zikafunguliwa Kenya, Uganda na Tanzania Bara. Hapo ndipo watu waliposema kwamba sasa tumekuwa sawa: nyimbo sawa, matangazo ya biashara sawa, mzaha sawa wa asubuhi. Lakini tazama pale panapotokea jambo zito. Kenya, tarehe 30 Januari 2018, vituo vitatu vikubwa vya televisheni vilizimwa. Mahakama ikaamuru vifunguliwe, na amri ile ikachelewa kutiiwa. Tarehe 25 Juni 2025 vituo vya Kenya viliamriwa visionyeshe maandamano moja kwa moja, na mahakama ikaisimamisha amri hiyo. Uganda, katika uchaguzi wa Januari 2021, mtandao wa intaneti ulifungwa nchi nzima. Tanzania, siku ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025, mtandao ulifungwa vile vile. Watawala wamefanana katika kutaka kufunga; hawakufanana katika nani awezaye kuwaambia fungueni.

Basi mvuvi atokaye Dunga, akavuka maji hata akaingia upande wa Uganda au wa Tanzania, huwa ameingia chini ya hukumu nyingine ya khabari, hali ziwa ni lile lile na samaki ni wale wale. Kwa hiyo twasema: mamlaka hayajawa namna moja, na mwenye kudai kwamba yamekuwa hakutazama vizuri.

FUNGU LA TATU: CHIMBUKO

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Ingawa mamlaka ni mbalimbali, machimbuko ya khabari za ulimwengu ni machache, na yamekuwa machache tangu zamani. Mashirika matatu ya Ulaya, Havas la Paris lililoanza mwaka 1835, Wolff la Berlin lililoanza mwaka 1849, na Reuters la London lililoanza mwaka 1851, yalifanya mapatano mwaka 1870 wakaigawana dunia kama watu wagawanavyo shamba: kila mmoja na upande wake wa kukusanya na kuuza khabari. Mwaka 1879 waya wa simu ya chini ya bahari ukafika Unguja kutoka Aden. Tangu siku hiyo Unguja iliweza kupata habari za London kwa saa chache, lakini kwa mdomo wa wenye waya.

Mwaka 1980 tume ya UNESCO iliyoongozwa na Seán MacBride wa Ireland ilieleza wazi kwamba khabari hutoka zaidi kwa matajiri kwenda kwa maskini, na kidogo sana hurudi. Mwaka 2009 waya mpya wa TEAMS ukafika Mombasa kutoka Fujairah, na intaneti ikawa nyepesi kwa watu wengi. Watu wakatumai kwamba sasa kila mtu atasema. Ni kweli, kila mtu anasema. Lakini wengi wao wanayakariri yale yale. Reuters, Associated Press na AFP bado ndio wauzao khabari za nchi za mbali kwa magazeti mengi ya dunia, na makampuni machache ya Marekani na ya Uchina ndiyo yachaguayo kitakachotangulia machoni mwa mwenye simu.

WINGI SI TAWATURI

Maulamaa wetu walilipima jambo hili kabla ya kuwako mtambo wa chapa. Wao hugawa khabari mafungu mawili. La kwanza ni khabari mutawatiri, nayo ni ile iliyopokewa na watu wengi kutoka kwa watu wengi, katika kila tabaka tangu mwanzo hata mwisho, kwa namna ambayo haiwezekani wao kupatana juu ya uwongo. Hii yaleta yakini. La pili ni khabari ya mmoja mmoja, ambayo wapokezi wake ni wachache walau katika tabaka moja. Hii haikataliwi, bali hupimwa kwa kuwachunguza wapokezi wake: ni nani, ni waadilifu, wamekutana, wanahifadhi vizuri?

Mfano wake mzuri ni Hadithi mashuhuri ya nia, ambayo Imam al-Bukhari aliifungulia kitabu chake. Waliipokea watu wengi mno kutoka kwa Yahya bin Said al-Ansari. Lakini Yahya aliipokea kwa Muhammad bin Ibrahim at-Taymi, naye kwa Alqama bin Waqqas, naye kwa Sayyidna Umar bin al-Khattab, radhi za Mungu ziwe juu yake. Maulamaa hawakudanganywa na wingi ule wa mwisho. Walisema wazi kwamba mwanzo wake ni njia moja. Wakaikubali kuwa sahihi kwa uadilifu wa hao waliotajwa majina, si kwa hesabu ya waliokuja nyuma yao.

Sasa ipime khabari ya leo kwa mizani hiyo. Magazeti 100 yakichapisha khabari iliyotoka katika shirika moja, hayo si mashahidi 100. Ni shahidi mmoja mwenye midomo 100. Na redio ikisoma yaliyoandikwa na gazeti, na mtu akayatuma kwa WhatsApp, na wa kumi akayarudisha kwa wa kwanza, hapajaongezeka shahidi hata mmoja. Kwa hiyo dhara ya vyombo vya khabari kufanana katika chimbuko ni hii: kukubaliana kwao hakuthibitishi tena kitu. Lau vingalikuwa mbalimbali kweli kweli, kisha vikakubaliana, hapo tungalitulia.

Mwezi wa Oktoba 1990 msichana mmoja alisimama mbele ya baadhi ya wajumbe wa bunge la Marekani, akasema kwamba huko Kuwait aliwaona askari wa Iraq wakiwatoa watoto wachanga katika mashine za hospitali na kuwaacha wafe. Khabari ile ikaenea dunia nzima, wakuu wa nchi wakaikariri, na shirika la Amnesty International likaipokea. Vita vikapiganwa. Baadaye Amnesty ikarudi nyuma, na mwaka 1992 ikadhihirika kwamba msichana yule alikuwa binti wa balozi wa Kuwait mjini Washington, na kwamba ushahidi wake ulitayarishwa kwa msaada wa kampuni iliyolipwa kwa kazi hiyo. Hatusemi haya ili kuisafisha dhulma ya kuivamia Kuwait, kwani dhulma ni dhulma. Twasema tu kwamba mamilioni waliisikia khabari ile, na aliyeuliza sanadi yake tangu siku ya kwanza alikuwa nadra.

DHARA YAKE HAPA DUNGA

Huenda mtu wa pwani akasema: haya ni mambo ya wakubwa, yatuhusu nini? Yatuhusu. Katika fuo za ziwa hili pana uovu uitwao jaboya, nao ni mwanamke muuza samaki kutakiwa atoe heshima yake kwa mvuvi ili auziwe samaki. Uovu huu upo, nasi hatuufichi. Ni wajibu wetu kuukataza na kuwasaidia kina mama wapate mitaji na vyombo vyao wenyewe. Lakini waandishi kutoka nchi za mbali wamekuja mwaka baada ya mwaka, na wengi wao wameondoka na khabari hiyo moja, kwa sababu ndiyo iliyokwisha zoeleka huko. Mwandishi wa kwanza aliandika, wa pili akasoma ya wa kwanza, wa tatu akaja akiitafuta. Msomaji wa mbali akidhani amesikia mashahidi wengi, humwona kila mama mwenye karai la omena ni mwenye aibu.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya an-Nur, aya ya 4, amewawekea adhabu wanaowasingizia wanawake wenye kujihifadhi wasilete mashahidi wanne. Hatusemi kwamba mwandishi huyo amefikia hadi hiyo kisheria, kwa kuwa hakumtaja mtu. Lakini mwenye kumcha Mungu ajue uzito wa kutia doa heshima ya wanawake wa ufuo mzima.

Na dhara ya pili ni khabari inayokosekana. Mwezi wa Mei 2020 dunia yote ilikuwa ikisoma juu ya maradhi ya korona, na hiyo ilikuwa khabari ya haki. Lakini mwezi ule ule maji ya ziwa yalipanda hata yakapita kidogo kipeo cha mwaka 1964, yakaingia katika mabanda na nyumba za ufukoni. Mtu wa Dunga ahitaji kujua upepo wa usiku, bei ya mbuta na ngege asubuhi, na magugu-maji yameziba upande gani. Khabari hizi haziuziki London. Ndiyo maana twaisifu fikira ya jumuiya ya OSIENALA, yaani Marafiki wa Ziwa Victoria, yenye makao yake hapa Dunga, ilipoanzisha Radio Lake Victoria kwa ajili ya watu wa ziwa wenyewe. Lugha ya nyumbani peke yake haitoshi: redio yaweza kusema Kidholuo au Kiswahili fasaha kutoka studio ya mji mkuu, na bado isijue kwamba jana usiku mtumbwi haukurudi.

SHAKA NA JAWABU ZAKE

Mtu aweza kusema: Je, hakuna kheri yoyote katika kufanana? Twajibu: ipo. Ikiwa waandishi wa dunia watafanana katika kumpa aliyetajwa nafasi ya kujibu, katika kusahihisha kosa hadharani, na katika kukataa rushwa, basi huko ni kufanana katika wema, nasi Waislamu tungestahili kuwatangulia.

Mwingine aweza kusema: Dawa ni kuwa na vyombo vyetu wenyewe vya Kiislamu, basi. Twajibu: ni vyema, na vipo. Lakini jina la Uislamu si sanadi. Wangapi miongoni mwetu hupokea khabari ya muujiza, au ya msikiti uliochomwa, au ya sheikh aliyekufuru, wakaituma kwa watu 50 kabla ya adhana kwisha? Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo akisimulia kila alilolisikia. Na katika Sura ya al-Hujurat, aya ya 6, tumeamrishwa kwamba akitujia fasiki na khabari tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Mwenye kuwalaumu wenye mashirika ya London, naye akifanya yale yale katika simu yake, hana hoja.

YATUPASAYO

Kwanza, tukisikia khabari tuulize: nani aliyeiona kwa macho yake? Asipotajwa, tuishike kwa mkono mwepesi.

Pili, tusihesabu midomo, tuhesabu machimbuko. Khabari mbili kutoka machimbuko mawili yasiyojuana zina nguvu kuliko 1,000 kutoka chimbuko moja.

Tatu, tumjue mwenye chombo: ni mfanyabiashara, ni serikali, au ni chama? Kila mmoja ana jambo asilopenda lisemwe.

Nne, tuandike khabari zetu. Kila mji uwe na vijana wawili watatu wanaojua kuandika Kiswahili safi, waandike bei, maradhi, mirathi iliyodhulumiwa na skuli isiyo na walimu, kwa majina, tarehe na ushahidi. Sheikh al-Amin hakungoja Cairo iandike juu ya Mombasa.

Tano, tusimsimulie jirani yetu kwa jambo moja tu alilojulikana nalo.

MASWALI YA DARSA

1. Ni tofauti gani iliyopo baina ya khabari iliyoenea na khabari mutawatiri? Toa mfano wa kila moja katika mji wako.
2. Chukua khabari moja ya wiki hii na uifuatie nyuma. Umefikia chimbuko ngapi?
3. Ni khabari gani ya mtaa wako ambayo, usipoiandika wewe, hapana atakayeiandika?

Twamuomba Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu na kalamu zetu, atuonyeshe haki kuwa ni haki na aturuzuku kuifuata, atuonyeshe batili kuwa ni batili na aturuzuku kuiepuka. Wa billahi tawfiq.